Jina Lililokosekana kwenye Medali ya Wakunga

Mpendwa Mzee Lucien,

Sijawahi kukuandikia. Ulipokuwa hai hapakuwa na haja, maana nilifika mlangoni kwako kila asubuhi isipokuwa Jumapili, na ulichotaka kuniambia uliniambia kabla hata sijavua buti. Sasa huu ni mwaka wa tatu tangu uondoke. Barua hii naiacha wazi, anayetaka kuisoma aisome, kwa sababu jambo lililomo lilifichwa muda mrefu mno, na aliyelificha ni mimi.

Nakumbuka siku ya kwanza. Kampuni ya wahudumu wa wazee ilinipa karatasi yenye anwani yako na maneno machache: Mfaransa, amefiwa na mke, anaishi peke yake, mikono imeanza kutetemeka, mkali. Nilitoka nyumbani Lawrence Heights, mtaa wa hapa Toronto, nikapanda basi, kisha treni, kisha basi jingine, theluji ikinifika vifundoni. Ulipofungua mlango ndevu zako zilikuwa zimejaa unga, nikadhani nimekukuta unasukuma chapati. Kumbe ni plasta. Hukunisalimu. Ulisema, "Jikoni fanya unalotaka. Gereji usiingie."

Mwezi mzima sikuingia. Nilikupikia, nikafua, nikakukumbusha dawa, nikasikiliza kwa nyuma ya mlango sauti ya chuma kikikwaruza kitu kigumu. Supu yangu ya kwanza uliirudisha. Ya pili uliirudisha pia. Chai yenye iliki ndiyo iliyokushinda. Uliinusa, ukainywa yote, ukanisogezea kikombe nikuongezee, nami nikajua hapo tutaelewana.

Halafu ukaja ule mchana mfuko wa plasta ulipokushinda kuunyanyua. Uliniita. Niliingia gerejini nikaona kwamba gari halijawahi kulala humo. Kuta zote zilikuwa nyuso: za wanaume wenye masharubu, za wanawake waliosuka nywele juu, za watoto, zote nyeupe, zote zimetazama upande. Mezani palikuwa na duara la plasta kubwa kama sinia, limechimbwa herufi kwa kinyume. Nilinyanyua mfuko, nikauweka ulipotaka, na badala ya kutoka nikasimama nikasoma.

"Mzee," nikasema, "hiyo N umeiandika sawasawa."

"Asante."

"Hapana, sawasawa ndiyo kosa. Ukimimina itatoka imegeuka."

Ulivaa miwani ukainama. Neno lilikuwa TORONTO. T haina upande, O haina upande. Herufi za kukutoa jasho humo ni mbili tu, R na N. R ulikuwa umeigeuza vizuri, N umeisahau. Ukanitazama kama vile ndiyo kwanza nimeingia nyumbani kwako.

"Nani alikufundisha kusoma kinyumenyume?"

Nikakueleza habari za baba yangu. Nilikueleza nimesimama, mikono imejaa vumbi, jinsi alivyokuwa fundi mihuri Dar es Salaam, na meza yake ndogo kando ya barabara karibu na posta, akikata raba kwa wembe: muhuri wa shule, muhuri wa duka la dawa, muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Tangu nikiwa darasa la pili nilikaa naye kila nikitoka shule. Kusoma kutoka kushoto kwenda kulia nilifundishwa na mwalimu, na kusoma kutoka kulia kwenda kushoto nilifundishwa na baba. Nilipomaliza ulivuta kiti kwa mguu, ukakipiga vumbi, ukasema, "Kaa."

Kuanzia siku hiyo nilimaliza kazi za ndani mapema, na saa mbili za mwisho tulikuwa gerejini.

Watu wengi waliokujua Toronto walikujua kama mzee wa medali tu. Mimi nilipata bahati ya kusikia mengine. Ulikuwa na kabati la droo nyembamba, na kila siku ulifungua droo moja, ukaniwekea medali kiganjani, ukaanza kusimulia. Hivyo ndivyo nilivyoyajua maisha yako, kwa uzito wa shaba mkononi.

Ulizaliwa katika mji mdogo mashariki mwa Ufaransa. Baba yako alitengeneza makufuli, mama yako alifua nguo za watu. Ukiwa na miaka kumi na minne walikupeleka kwenye karakana ya kuchonga vifungo vya sare za jeshi. Miaka mitatu ulichonga nanga ileile na mwenge uleule, ukubwa wa ukucha, mpaka ukaweza kuvichonga huku ukitazama dirishani. Ukaenda Paris. Mchana ulichonga kwa ajili ya tumbo, jioni ulikuwa shule ya sanaa ukijifunza uso wa binadamu. Ukapata tuzo iliyokupeleka Italia, ukarudi umekonda na umeshajua unachokitaka.

Sanamu yako kubwa ya kwanza ilikuwa ya shaba nyeusi, mwanamke anakamua shuka. Iliwekwa kwenye uwanja wa mji wenu. Magazeti yaliisifu. Mama yako alikwenda kuiona amevaa koti lake la kanisani, akaizunguka, akasema, "Nimekamua hivi maisha yangu yote na hakuna aliyesimama kunitazama." Ulinisimulia hilo ukiwa umeshika kijiko cha chai, na kijiko kilikuwa kinagonga kikombe. Ulisema tangu siku hiyo sifa za magazeti hazikuwahi kukushibisha.

Kisha zikaja medali zenyewe. Madaktari, wanamuziki, marais wawili. Waziri mmoja aliyekuomba umpunguzie kidevu. "Nikampunguzia," uliniambia, "na mpaka leo kile kidevu kinanidai." Wenzako walidhani umeshafika. Ndipo akatokea Margaret, mpiga fidla wa Toronto aliyekuja Paris na kikundi chake kwa wiki mbili. Ukamfuata. Rafiki zako walikuambia unakwenda kujizika kwenye theluji, na huko hakuna anayejua medali ni nini.

Hawakukosea sana, ulikiri. Lakini ulichonga. Ulichonga kwa ajili ya vyuo, kwa ajili ya kwaya, kwa ajili ya watu waliostaafu. Ulichonga vichwa vinne vya mawe juu ya mlango wa jengo la ofisi katikati ya jiji. Siku moja ya mwezi wa tano ulinipeleka kuviona. Tulipanda tramu, wewe na kofia yako, mimi na fimbo yako maana ulikataa kuishika mbele ya watu. Tulisimama ng'ambo ya barabara. Watu walikuwa wanaingia na kutoka na kahawa zao, hakuna aliyeinua macho. Ukanionyesha kwa kidevu. "Yule wa pili ni Margaret. Waliniambia nichonge Haki. Nikawaambia hiyo ndiyo Haki." Ukacheka mpaka ukakohoa. Siku hizi nikiwa na shughuli upande ule nashuka kituo kimoja kabla ili nipite pale. Namsalimia.

Ulinifundisha kwa ukali, Mzee. Uliniambia medali haina unene, kwa hiyo mchongaji hana mahali pa kujificha. Unene wa ukucha tu, na humo uingize kichwa cha mtu mzima pamoja na aliyoyapitia. "Usichonge pua," ulikuwa unasema. "Pua itakuja yenyewe. Chonga pale pua inapokutana na shavu." Kiswahili ulichojifunza kwangu kilikuwa kidogo, lakini neno moja ulilipenda kuliko yote: bado. Ulisema Kifaransa hakina neno fupi lenye huruma na ukatili kiasi hicho. Nilikuletea sikio la plasta, ukasema, "Bado." Nikalirudia mara sita. "Bado." Mara ya saba ulilitundika ukutani kati ya nyuso zako, nami nilirudi Lawrence Heights nikiwa siioni baridi. Mwanangu Nuru aliniuliza kwa Kiingereza chake nina nini. Nikamwambia nimetundikwa ukutani. Hakuelewa, na sikuwa na namna ya kumweleza.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Chama cha wakunga wastaafu kilikuja kukuomba medali. Walikuwa wanawake watatu, walikunywa chai yetu ya iliki sebuleni, walitaka kitu cha kuwapa wenzao katika sherehe yao. Uliwakubalia papo hapo. Nilikuwa jikoni, nikasikia sauti yako imekuwa ya kijana. Walipoondoka ulikwenda gerejini ukaanza.

Uliharibu plasta ya kwanza. Ukaharibu ya pili. Ya tatu uliitupa mwenyewe ukutani, na nilipokuja mbio nilikukuta umekaa, umebana mkono wa kulia chini ya kwapa la kushoto kama mtu anayemshika mnyama asikimbie.

"Umeisha," ulisema. "Mkono umeisha."

Nikaanza kufagia.

"Acha ufagio. Mimi nina macho, wewe una mkono. Tukijumlisha tunapata fundi mmoja mzima."

Tulifanya kazi miezi mitatu. Ulikaa nyuma yangu, karibu sana, nikihisi pumzi yako shingoni. Ulisema mkunga ni wa kwetu sote, lakini uso lazima uwe wa mtu ninayemjua, vinginevyo utatoka kama kipande cha sabuni. Nikamchagua mkunga aliyenizalisha Nuru kule Dar. Jina lake silijui mpaka leo. Alikuwa ameniinamia kwa muda wa saa tisa nzima, na nilichokiona mimi nikiwa nimelala chini yake ni kidevu, midomo inayohesabu pumzi zangu, na macho yaliyoshuka yasiyokuwa na haraka. Uliniambia, "Basi mchonge hivyo hivyo, kutoka chini." Wachonga medali hawafanyi hivyo. Wote huchonga mtu kwa ubavu, akitazama upande. Nilikukumbusha, ukasema umefanya ubavu miaka sitini na inatosha.

Ulinisahihisha kila siku. Shavu lilikuwa zito, ukaniambia nilipunguze kwa upana wa unywele. Midomo ilikuwa inatabasamu, ukaniambia mtu anayefanya kazi hatabasamu. Siku nilipomaliza macho, ulizima taa ya juu, ukawasha ile ndogo ya pembeni, ukaizungusha polepole kando ya plasta, na yule mama akaniinamia tena. Nililia pale pale. Ulinipa kitambaa chako chenye plasta kikanichafua uso mzima.

Tukamimina plasta juu ya uso ule kupata kalibu yake, na humo zikabaki kukatwa herufi na sahihi.

"Majina sasa," ulisema. "Langu huku, lako huku."

"Weka lako tu, Mzee. Wameagiza kwako."

"Wameagiza medali. Medali wanaipata."

Nikakueleza hofu zangu zote. Kampuni ilikataza mhudumu kufanya kazi nyingine nyumbani kwa mteja. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Na binti yako Claire angefikiriaje, akisikia kwamba mwanamke aliyeletwa kumwangalia baba yake ameweka jina lake kwenye kazi ya baba yake? Ulinisikiliza hadi mwisho. Ukasema, "Andika majina mawili." Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake ulipokuwa umejipumzisha baada ya chakula, niliandika moja. Nililiandika vizuri kuliko herufi zote nilizowahi kukata, kinyume, kila mkia mahali pake. Ulipoamka ukaja ukapapasa ukingo wa duara kwa kidole. Ukazunguka. Ukarudi. Ukazunguka tena.

"Liko wapi?"

Nikaanza kupanga patasi mezani.

"Miaka yote nimesaini kazi zangu," ulisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza jina langu linasema uongo. Na umelifanya liseme wewe."

Siku mbili hukuzungumza nami. Chai uliinywa, lakini kikombe hukunisogezea. Sherehe ya wakunga ilikuwa imekaribia, muda wa kurudia haukuwepo. Claire alitupeleka na gari lake hadi kiwandani Brampton, wanakopunguza ukubwa wa duara kwa mashine na kumimina shaba, na njia nzima alikuwa anakusifu. "Baba, hii ni nzuri ajabu. Na kwa mkono huo!" Ulitazama nje dirishani. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nimeipakata kalibu yetu, nimeifunika blanketi, na nilitamani barabara ipasuke inimeze.

Baadaye ulinisamehe, au ulichoka kukasirika, sijui. Tulirudi kucheka. Lakini majira ya baridi yaliyofuata kifua kilikushinda ukalazwa. Nilikuja kukuona Jumamosi. Ulikuwa mdogo kitandani, ndevu safi, nikagundua sijawahi kuziona bila plasta.

"Utasema?" uliniuliza.

"Nitasema, Mzee."

"Lini?"

Muuguzi akaingia kubadilisha dripu, nami nikashukuru kwamba ameingia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilishukuru. Kesho yake Jumapili ukaondoka, na mimi nilikuwa nyumbani nasuka nywele za Nuru.

Nilikaa kimya. Karatasi zangu zilitoka, nikakaa kimya. Niliacha kazi katika kampuni ile nikaenda nyingine, nikakaa kimya. Kila mwezi uliopita ulifanya mwezi unaofuata kuwa mgumu zaidi.

Majira haya ya kuchipua Claire alinipigia simu. Ameandaa maonyesho ya kazi zako katika ukumbi wa maktaba, akaniomba niseme maneno machache juu ya jinsi nilivyokutunza. Nilikwenda na Nuru, ambaye sasa ananipita kimo. Medali zako zote zilikuwa kwenye makabati ya vioo. Yetu ilikuwa katikati, na taa yake peke yake. Mama mmoja mtaalamu wa sanaa alisimama akaeleza kwamba mwishoni mwa maisha yako ulitokewa na jambo adimu, kwamba ulipoacha kuchonga wakubwa kwa ubavu ulijifunza ulaini, na kwamba medali ya wakunga ndiyo kilele cha kazi yako. Watu walipiga makofi. Claire akanipungia nisogee.

Nilikuwa nimeandika hotuba ya chai na dawa. Niliikunja.

Nilisema, "Macho yalikuwa ya Mzee Lucien. Mkono ulikuwa wangu. Alitaka majina mawili, mimi nikaandika moja, kwa sababu niliogopa. Naomba radhi kwake, na kwenu."

Kutoka safu ya mbele akainuka mama mzee, mmoja wa wale watatu waliokunywa chai sebuleni kwako. Alikuja na kigari chake cha kutembelea, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza akaitazama. "Mimi nimezalisha miaka arobaini," alisema. "Nimekuwa nikijiuliza, mwanamume huyu alijuaje mkunga anavyoonekana ukiwa umelala chini yake?"

Watu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Nikamtafuta Claire, sikumwona. Nilimkuta kwenye ukumbi mwembamba wa nje, uso ameuelekeza ukutani.

"Claire, nisamehe. Niliogopa utasema nimemwibia baba yako."

"Aliniambia," alisema.

"Nini?"

"Baba. Hospitalini, ile Jumapili. Aliniambia, 'Zuhura ndiye aliyeichonga.' Alirudia mara tatu, Zuhura. Nikamwambia sawa baba, lala. Nilidhani ni dawa zinazungumza." Alijifuta kwa kiganja. "Neno lake la mwisho lenye maana, na mimi nilimjibu kama ninayembembeleza mtoto mwenye homa."

Mzee, kumbe ulisema. Hukuningoja. Ulitumia pumzi zako za mwisho kurekebisha nilichoharibu, na hukuaminiwa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeuandika uongo vizuri mno. Nilimwambia Claire hivyo hivyo. Nikamwambia lawama asiibebe yeye. Alisema tuigawe. Tulisimama pale tumeshikana, wanawake wawili wazima, watu wakitupita kwenda kuchukua makoti yao.

Kisha aliniambia nimfuate. Alirudi ndani, akafungua kabati la kioo, akatoa kile kikaratasi kilichokuwa chini ya medali, akaomba kalamu kwa mtaalamu. "Nitajie herufi moja moja," alisema. "Sitaki kukosea." Nikamtajia jina langu lote na la baba yangu. Mtaalamu alikuwa amesimama nyuma yetu, na ninamshukuru, hakukasirika. Aliniuliza tu kama kuna nyingine nilizochonga. Nikasema lipo sikio moja.

Nyumba yako itauzwa mwisho wa kiangazi. Claire anaishi Markham na watoto wake, hawezi kuitunza. Amenipa funguo za gereji mpaka siku hiyo, na kila Jumamosi nakuja. Nuru huja nami mara nyingine. Huchukua medali moja moja kutoka kwenye droo na kuniuliza huyu ni nani, ananiuliza kwa Kiingereza, nami namjibu kwa Kiswahili, na hadithi zako zinampata hivyo hivyo. Ya sanamu ya mwanamke anayekamua shuka aliniomba niirudie.

Nakukosa, Mzee wangu. Nakosa ukali wako. Wiki iliyopita nilipata kikombe chako nyuma ya makopo, na ndani yake alama ya chai imekauka, na nilishindwa kukiosha. Nimeanza kukuchonga. Picha zako nyingi Claire amenipa, lakini sizitumii, maana picha inajua ulivyovaa na haijui ulivyokuwa unavuta pumzi kabla ya kusema jambo gumu. Nimeanzia pale pua yako inapokutana na shavu. Ni pagumu. Hapana mtu nyuma yangu wa kunisahihisha, inabidi nikosee mwenyewe na nijionee mwenyewe, na siku nyingine namaliza nikiwa sina uhakika kama ni wewe au ni mzee mwingine yeyote wa Kifaransa. Jumamosi iliyopita, kwa dakika chache, mwanga ulipokuwa umelala upande wa dirisha, ulikuwa wewe. Nitakapomaliza nitaweka sahihi yangu ukingoni, yote, bila kuuliza mtu.

Lala salama, na umsalimie Margaret. Ningeandika zaidi, lakini plasta nimeshaikoroga na imeanza kushika, inabidi niende.

Mwanafunzi wako wa mwisho,
Zuhura